Mama Breki na Tela la Chaki

Jina la Mama Breki hakupewa na wazazi wake, na hakulipenda hata siku moja. Alipewa na watu wa mtaa wa magereji kwa sababu ya kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na minne, kazi ambayo hakuna mtu anayeiomba wala anayeisomea. Mumewe alikuwa fundi wa magari. Gari la mteja likizimika njiani, mume alikwenda kulichukua na pikapu yake ya kijivu, akalifunga kamba, akalivuta mpaka gerejini. Sasa gari linalovutwa kwa kamba haliji lenyewe. Lazima awemo mtu wa kushika usukani na kukanyaga breki, la sivyo litamgonga mvutaji mara ya kwanza atakapopunguza mwendo. Mtu huyo alikuwa yeye.

Ilianza walipokuwa bado maharusi. "Mke wangu, njoo mara moja unishikie usukani," mume aliomba, na yeye akaenda, kwa kuwa siku zile hata angeambiwa ashike nyoka angeshika. Hiyo mara moja haikuisha. Mabinti zao wawili walizaliwa, wakasoma, wakaolewa, na mama yao bado alikuwa nyuma ya kamba.

Ambaye hajawahi kukaa ndani ya gari bovu linalovutwa asijisumbue kudhani anajua. Injini ikiwa imezimika, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unataka mikono ya mtu wa kubeba mizigo bandarini. Kioo kilichogoma chini kinabaki chini, mvua inyeshe isinyeshe. Honi hailii. Kamba inalegea, halafu inakaza ghafla na kukunyakua shingo. Na mbele yako huoni njia. Unaona nyuma ya pikapu tu, hatua tatu kutoka puani mwako. Mama Breki aliijua nyuma ya pikapu ile kuliko alivyojua sebule yake: pale ilipobonyea kushoto, pale rangi ilipobanduka, lile komeo lililofungwa kwa waya. Wakati wa kwenda alikaa mbele na kuona njia upande wa dirisha lake. Wakati wa kurudi, dunia yake yote ilikuwa bati la kijivu.

Hayo angeyavumilia. Lililomtoa jasho ni kwamba mumewe alikuwa mtu wa watu. Hawezi kumpita anayemfahamu bila kumsalimia, na anamfahamu kila mtu. Akimwona kinyozi, breki. Akimwona muuza matairi, breki, na habari za watoto juu yake. Huko nyuma mkewe anakanyaga jiwe lake kwa miguu miwili, roho mkononi, anaona bati la kijivu linamjia usoni.

Kila wakifika gerejini alishuka na kusema, "Baba, ipo siku utaniua kwenye kamba hii."

Naye mume alijibu, akikunja kamba taratibu, "Usijali, mama. Tutapata tela."

Hilo tela ndilo lililomfanya mumewe naye apate jina. Tela la kubebea gari, yaani gari bovu linapandishwa juu, linafungwa, linakaa kimya, na hakuna binadamu anayekaa ndani yake kama mateka. Fedha ya kulipata ilikuwepo, tangu walipouza kiwanja cha urithi. Kwa hiyo usimwonee huruma kwamba alikosa uwezo. Alichokosa ni kukata shauri. Kwa miaka minne hakujua kama anunue tela au atengeneze mwenyewe, na kwa miaka minne alilichora kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, kwa ukubwa wake halisi, toka ukuta hadi mlango. Ndipo mtaa ukamwita Chaki.

Mchoro wenyewe haukukanyagwa. Mteja akiingia kwa miguu, Chaki alimwonyesha kwa mkono apite pembeni. "Hapo ni pa ekseli, chuma cha kushika magurudumu," aliwaambia, na watu wazima na akili zao wakalizunguka tela ambalo halipo. Siku moja Mama Breki alipiga maji sakafu nzima na kuifagia, maana ilinuka mafuta. Mume hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alikuwa amepiga magoti na chaki mpya.

Mwisho wa mtaa aliishi dereva mmoja mstaafu, mzee mwenye magoti mabovu na tela zuri. Lilikuwa na ekseli mbili, winchi ya kuvutia gari juu, na breki zake lenyewe. Mzee hakuwa na kazi nalo tena na alitaka liondoke uani kwake. Chaki alikwenda kulitazama mara saba. Mkewe alimsindikiza mara zote saba, na mara zote saba aliona mambo yale yale. Mumewe analigonga chuma kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anagonga tena mbele kidogo, kama daktari anayetafuta homa ilikojificha.

"Chuma kizuri," anasema. "Lakini ekseli mbili za nini, mzee? Moja ingetosha."

Wiki inayofuata wanakwenda kuona lingine, kwa mtu mwingine, lenye ekseli moja.

"Ekseli moja?" anasema. "Hili ni la kubebea mbuzi."

Wakati wa chakula ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu Chaki alibishana peke yake, akiwa pande zote mbili. Nikinunua, alisema, ninanunua makosa ya mtu mwingine. Nikitengeneza, najua kila kiungo kilivyo. Lakini kutengeneza kunataka muda, na muda sina. Kwa hiyo heri kununua. Ila ukinunua, likivunjika utamuuliza nani? Kwa hiyo heri kutengeneza. Mkewe alimwekea mboga kwenye sahani, akamtolea miiba kwenye samaki, akamsikiliza akienda na kurudi, mpaka hamu ya kula ikamtoka yeye.

"Baba, chagua moja," alimwambia. "Hata ukikosea, chagua."

"Jambo la chuma halitaki papara, mama."

"Miaka minne si papara."

"Ninafikiri."

Alikuwa anafikiri. Na huku anafikiri, simu inalia, mtu gari lake limezima, na Mama Breki anakwenda kutafuta viatu vyake vya soli nene.

Siku iliyokata mzizi wa fitina ilikuwa ya manyunyu. Walikuwa wanateremka ule mlima wa machimbo ya mawe, yeye akiwa ndani ya gari la muuza magodoro, barabara inateleza. Chini ya mlima alikuwepo fundi wa saa, rafiki wa zamani wa Chaki, amejikinga na mvua chini ya paa la kibanda. Chaki akamwona. Chaki akapiga breki.

Mama Breki alikanyaga kwa nguvu zake zote na gari halikusikia. Alivuta breki ya mkono kwa mkono wa kushoto mpaka kitu kikapiga kelele begani, na gari likaserereka, likasimama bampa yake imegusa pikapu. Imegusa tu. Injini ya pikapu ilikuwa inanguruma mbele yake na yeye alikuwa amekaa, ameshika bega. Alimwona mumewe anakuja mbio kwenye mvua. Chaki aliinama. Akaitazama bampa ya muuza magodoro, akaipangusa kwa kiganja.

"Afadhali," alisema. "Haijakwaruzika."

Mama Breki alifungua mlango, akashuka, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Daktari aliyemwangalia bega alimuuliza anafanya kazi gani.

"Nakanyaga breki."

"Kumbe dereva."

"Hapana, daktari. Dereva ni mume wangu. Mimi huwa navutwa."

Daktari aliandika kitu, akakifuta, akamwambia bega hilo likivutwa tena namna ile atakuwa anachana nywele kwa mkono mmoja mpaka siku ya kufa kwake. Alimpa dawa ya kuchua. Mama Breki alirudi gerejini mkono umefungwa kitambaa, akasimama katikati ya mchoro wa chaki, viatu vyote viwili, na mumewe hakuthubutu kumwambia asogee.

"Mwisho wa mwezi," alisema. "Nunua au tengeneza, azima, iba kama unajua kuiba. Mimi ndani ya gari bovu siingii tena. Piga ua, siingii."

Hakupandisha sauti. Chaki angependa apandishe, maana kelele alizizoea.

Jioni ile ile Chaki alikwenda kumwona mdogo wake, mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu mwenye maneno mengi na mkono mzuri. Mdogo mtu aliposikia habari ya kununua alishika kiuno.

"Kaka, wewe fundi, mimi mchomeleaji, tumbo moja, halafu tukanunue tela? Tutapita wapi mtaani?"

Basi likaamuliwa litengenezwe. Mama Breki aliposikia alitaka kusema neno, akakumbuka kwamba mwenyewe ndiye aliyesema nunua au tengeneza. Alijilaumu kwa hiyo "au" wiki nzima.

Lakini mpe mtu haki yake. Ndugu wale wakiwa kazini walikuwa kazini. Kwa wiki tatu gereji ilikuwa cheche na moshi, na tela likaanza kusimama mahali palipokuwa na chaki. Mama Breki aliwaletea chai saa nne na saa kumi, akaweka sinia juu ya ile injini iliyokaa kando ya mlango, mahali pake pa siku zote, na moyoni alianza kulainika. Aliona mabomba yamekatwa sawasawa. Aliona shemeji yake anarudia kuchomelea mahali ambapo pangemridhisha mtu mwingine yeyote.

Jambo moja Chaki alilijua barabara, nalo ni la uzito. Tela haliwi tela kwa kuwa na magurudumu. Ekseli ikikaa mbele mno, mkia unaelemea, tela linayumba barabarani na kukupeleka mtaroni. Ikikaa nyuma mno, uzito wote unaangukia pikapu. Kwa hiyo alikataa kukisia. Waliweka fremu juu ya bomba nene, wakapandisha gari zima juu yake, wakasogeza bomba mbele na nyuma mpaka tela likatulia, pua yake ikibonyea kidogo tu, kama alivyotaka. Wakatia alama ya chaki. Hapo ndipo ekseli ilipochomelewa, na jukwaa likakatwa liishie pale pale matairi ya nyuma ya gari yanapoishia, chuma kisipotee bure.

"Ona," Chaki alimwambia mkewe, akiinua pua ya tela kwa mkono mmoja, gari likiwa juu. "Njoo uone, mama. Hesabu hiyo."

Mama Breki alikuja, akaona, akasema hongera. Alisema kwa moyo wote. Alikwenda kuvitupa vile viatu vya soli nene.

Siku ya majaribio walichukua gari la mteja lililokuwa limekuja kubadilishiwa taa, wakalipandisha juu ya tela, wakalifunga minyororo. Chaki akaketi kwenye pikapu. Kabla hajatia gia, pikapu ilikuwa tayari imekaa kitako. Nyuma ilizama mpaka matairi yakagusa bodi, mbele ikanyanyuka, ikatazama angani. Alipoondoka usukani ulikuwa mwepesi, haukamati kitu, na pikapu ikaenda upande ilioutaka yenyewe. Ilikwenda hatua hamsini. Ikalilalia pipa la maji la jirani, na jirani akatoka na taulo.

Walishusha gari. Wakapima upya. Mchomeleaji alisema viungo vyake haviwezi kuwa na kosa, Chaki akasema hesabu yake haiwezi kuwa na kosa, na wote wawili wakalitazama tela kama limewasaliti. Mama Breki alifika na chai. Aliweka sinia mahali pake, akamimina kikombe cha kwanza, na mkono ukasita hewani.

"Shemeji," alisema, "gari mlilopimia lilikuwa lipi?"

"Lile la bluu. Lile la uani."

"Na hii injini ninayowawekea chai juu yake ni ya gari gani?"

Gari la bluu lilikuwa limekaa uani miaka miwili, na kwa miaka yote miwili injini na gia yake zilikuwa kando ya mlango zikisubiri vipuri. Walilipima gari lisilo na injini, na ekseli wakaiweka nyuma mno. Katika gereji ile hakuna gari lililokuwa kamili, moja halina milango, jingine halina viti, na watu wanaoishi hivyo hufika mahali hawaoni tena kilichopungua. Mama Breki hakuwacheka, kwa sababu naye alikuwa amewamiminia chai juu ya kosa lile kwa wiki tatu. Alisikia uchovu tu.

"Si kitu," alisema shemeji mtu. "Tutakata ekseli, tutaisogeza mbele. Ila wiki ijayo nina mageti ya shule."

"Au," alisema Chaki, akipapasa mfuko wake wa shati, "labda tungenunua tu."

Akatoa chaki.

Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Tela lilisogezwa uani likabaki huko, na wapangaji wa nyumba ya jirani wakaanza kuanika mashuka juu yake. Mageti ya shule yakazaa mageti ya kanisa. Chaki alikwenda kwa dereva mstaafu mara ya nane, akagonga chuma, akarudi na mawazo. Kwenye meza ya chakula aliuanza upya ule ubishi, na safari hii pande zilikuwa tatu: kununua, kutengeneza, na kurekebisha. Mama Breki alihamia kula jikoni.

Halafu simu ikalia. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mstaarabu aliyekuwa mteja wao tangu gereji ikiwa mti na jeki, gari lilikuwa limemzimia juu ya mlima wa machimbo. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Chaki alishusha kamba msumarini, akaizungusha mkononi, akasimama mlangoni mwa jikoni bila kuingia.

"Mama," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Mara moja tu. Ya mwisho kabisa."

Mama Breki alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akafuta mikono, akanyoosha kiganja.

"Lete ufunguo."

"Ufunguo upi?"

"Wa pikapu. Nitavuta mimi. Wewe utakaa nyuma."

Chaki alicheka, akaona amecheka peke yake. "Lakini wewe hujawahi kuvuta."

"Nimevutwa miaka ishirini na minne. Hakuna kosa la mvutaji nisilolijua."

Alimpa ufunguo. Si kwa ukarimu. Mwalimu alikuwa anasubiri juani, na kiganja kile hakikurudi nyuma.

Walimkuta mwalimu amesimama kando ya gari na mwavuli. Chaki alifunga kamba mwenyewe, akaifungua, akaifunga tena fupi zaidi, halafu ndefu zaidi, mpaka mkewe akapiga honi. Mwalimu akapanda pikapu na kuketi kando ya Mama Breki. Chaki aliingia ndani ya gari bovu, akajikunja nyuma ya usukani. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Mama Breki alimwona mumewe kwenye kioo, kichwa kidogo nyuma ya kioo kikubwa, mikono miwili juu ya usukani.

Alikuwa ameapa moyoni ataendesha kwa adabu, amwonyeshe jinsi mtu anavyovutwa na anayempenda. Na aliendesha kwa adabu. Aliteremka mlima ule taratibu, kamba imekaza vizuri, mwalimu akimweleza habari za vyoo vya shule. Chini kabisa, upande wa kulia, kwenye baraza ya duka, alikuwepo mshonaji wake, shoga yake wa tangu usichana, ambaye hakuwa ameonana naye tangu bega liumie. Mshonaji alisimama, akapunga kitambaa alichokuwa anakikata. Na mguu wa Mama Breki, bila kuomba ruhusa, ukaenda kwenye breki.

Alisikia matairi yanalia nyuma. Aliinua macho kwenye kioo na kumwona Chaki akija, mdomo wazi, mwili wote umenyooka, amesimama karibu wima juu ya ile pedali. Gari lilikoma unyayo mmoja kutoka kwenye pikapu.

"Mumeo anapunga mkono," alisema mwalimu.

"Anasalimia," alisema Mama Breki.

Aliudhika, na hakujua amuudhikie nani. Yeye, mwenye bega lile, mwenye miaka ile yote, alikuwa amekaa mbele dakika kumi tu na kumsahau mtu wa nyuma. Ilikuwa rahisi hivyo. Njia iliyobaki hakumtazama mtu yeyote pembeni, hata waliomwita kwa jina.

Gerejini mwalimu alishuka, akaondoka na mwavuli wake. Chaki hakushuka. Mama Breki alikwenda mpaka dirishani kwake, kioo kilikuwa kimegoma chini, akamkuta amekaa vile vile, shati limelowa limeng'ang'ania mgongo, mikono bado iko juu ya usukani.

"Ile breki haishiki," alisema Chaki.

"Haishiki."

"Nimekanyaga kwa miguu miwili."

"Ndiyo inavyokanyagwa."

"Na mimi nikiwa mbele, huwa nasimama ghafla vile?"

"Vile vile. Kwa kinyozi. Kwa muuza matairi. Kwa fundi wa saa."

Chaki alitazama mbele, kwenye bati la kijivu la pikapu yake mwenyewe, pale palipobonyea kushoto. Nadhani hakuwahi kujua kwamba pamebonyea.

"Miaka yote hii, mama," alisema, "mbona hukuniambia?"

Mama Breki alishika mlango wa gari. Alikuwa amemwambia. Alimwambia kwenye mvua na kwenye jua, alimwambia akiwa na mimba ya binti wa pili, alimwambia kila mara kamba ilipokunjwa, kwa maneno yale yale, mpaka mtaa mzima uliyajua na kumtania nayo. Hasira ilipanda ikafika shingoni, akasikia atasema jambo ambalo ndoa haitalisahau. Akamtazama usoni. Mtu mzima yule alikuwa anauliza kweli.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia nitakuua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni maneno tu ya kuchoka."

Alishuka. Akajishika kwenye mlango, na mkewe akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima. Chaki hakunawa, hakunywa maji. Alikwenda kabatini, akatoa ile fedha ya kiwanja, akarudi na kusema, "Panda. Mbele."

Dereva mstaafu aliwaona wanaingia, akavuta kiti chake pembeni ili Chaki apate nafasi ya kugonga. "Karibu, fundi," alisema kwa unyonge. "Haya, anzia popote."

Mkono wa Chaki uliinuka, kidole kimekunjwa tayari. Mama Breki aliutazama. Mkono ukarudi mfukoni.

"Hapana, mzee," alisema Chaki. "Nimekuja kulichukua."

"Zima zima? Na ekseli zake mbili?"

"Na zake mbili."

Mzee alimtazama Mama Breki, akitafuta kama kuna mzaha ndani yake, halafu akaita ndani waletewe minyororo na funguo za winchi. Kulifunga kwenye pikapu kulichukua muda mfupi kuliko Chaki alivyozoea kuligonga.

Wakaondoka na tela tupu nyuma yao, kwa njia ndefu, kwa sababu kona ya mtaa wao ilikuwa nyembamba na Chaki hakutaka kubahatisha. Mama Breki alikaa mbele, dirisha wazi. Walipita chini ya mlima wa machimbo wakielekea nyumbani, na aliona mambo. Aliona kuna seremala pale mkono wa kushoto, na nyumba yenye ngazi za nje, na ukuta uliochorwa tembo na watoto. Miaka ishirini na minne alikuwa amerudi kwa upande huu wa barabara na hakujua kuna tembo.

Mbele yao baiskeli ilikatiza. Chaki akapunguza mwendo, si kwa ghafla, na mguu wa kulia wa Mama Breki ukakanyaga sakafu ya pikapu, kwa nguvu, mpaka bega likamchoma. Hapakuwa na pedali hapo. Walipofika kwa kinyozi akapunguza tena kidogo, na mguu ukakanyaga tena.

Chaki aliuona. Kinyozi alikuwa mlangoni, ameinua mkono, anaita. Chaki hakugeuka.

"Unaweza kuacha sasa, mama," alisema. "Imeisha."

"Mguu huu siuamrishi mimi," alisema Mama Breki. "Angalia njia."

Akaangalia njia. Akaendesha polepole kuliko siku ya harusi alipomchukua kwao, na kila alipotaka kupunguza mwendo alisema kwanza, kwa sauti, "Nakanyaga," ndipo akakanyaga, na wote wawili wakakanyaga pamoja mpaka nyumbani.